KIUNGO CHA USUKANI NA GUNIA LA KOROSHO

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya Wajumbe na Wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza jinsi Chama kilivyoanza, maghala yaliyojengwa, na wazee waliotoa viwanja vyao bila kudai malipo. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa muda mfupi, nasi twaomba kuutumia kwa jambo moja lililofichika chini ya malori yetu, mahali ambapo mkulima hana sababu ya kuchungulia. Jambo hilo ni kiungo cha usukani, kile ambacho mafundi hukiita boljointi. Huenda baadhi yenu mkacheka kwamba katika siku ya ngoma na pilau Katibu amekuja na habari za grisi. Chekeni, lakini tusikilizeni.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho, msimu wa 2007/2008, fedha ya mkulima haitoki shambani, wala haitoki katika ghala la Chama cha Msingi. Hutoka baada ya korosho kufika ghala kuu, kupimwa, kuandikiwa stakabadhi na kunadiwa. Basi lori likilala njiani siku tatu, shehena yake hukosa mnada uliokusudiwa, na bei ya mnada ujao hakuna aijuaye. Mvua nazo hazingoji. Gunia likilowa juu ya lori lililokwama, korosho iliyotoka kijijini ikiwa daraja la kwanza yaweza kufika mjini ikiwa daraja la pili. Tena gharama ya kusafirisha hukatwa katika bei ya kila kilo, hata kipuri kinachonunuliwa leo kwa ajili ya lori hulipwa kidogo kidogo na kila mmoja aliyeketi hapa, awe na mikorosho kumi au elfu.

Katika malori yetu liko moja la tani 10 ambalo lilibadilishwa boljointi ya upande wa kulia mara nne katika muda wa msimu mmoja na nusu. Wengi wenu mwalijua, kwa maana limelala mbele ya nyumba zenu. Ndilo tunalotaka kulisimulia.

Lori kubwa si kama motokaa ndogo. Mbele lina ekseli moja ya chuma kizima, na kila gurudumu limeshikwa mwishoni mwa ekseli hiyo kwa pini nene iliyosimama wima, iitwayo kingpini. Usukani husukuma gurudumu moja kwa fimbo fupi, na gurudumu la pili hufuata kwa kuvutwa na fimbo ndefu iitwayo tairodi. Katika miisho ya fimbo hizi ndimo vilimo viungo tunavyovisema. Kila kimoja ni tufe la chuma lililokaa ndani ya kikombe, mfano wa mfupa wa paja unavyokaa katika nyonga, ili fimbo iweze kusukuma huku gurudumu likipanda na kushuka katika mashimo. Mdomo wa kikombe umefunikwa kwa mpira wa kuzuia vumbi. Shina la tufe lina umbo la pia, nalo limepenya katika tundu lenye umbo hilo hilo kwenye mkono wa gurudumu, likakazwa kwa nati na pini.

Tufe likianza kulika, usukani hupata mchezo. Dereva huzungusha kidogo na gurudumu halijibu. Mchezo ukizidi, tufe laweza kuchomoka katika kikombe, na hapo gurudumu huenda litakako, dereva akabaki ameshika duara lisiloamuru kitu. Anayeijua miteremko ya kushuka kutoka uwanda wa Makonde hana haja ya kuelezwa zaidi. Nasi twajua, ingawa imekatazwa, kwamba wako wanaopanda juu ya magunia ili kwenda mjini na mzigo wao.

Karakana moja ya mjini, ambayo hatutaitaja, ilifanya kazi ile mara zote nne. Kila mara ilileta hati ya malipo yenye maneno yale yale: boljointi imekwisha, imebadilishwa. Juu ya sababu ya kwisha kwake hapakuandikwa hata neno moja. Ilipofika hati ya nne, tuliziweka zote mezani, sambamba na daftari la safari za lori, tukazisoma kwa pamoja kama asomavyo mtu barua za mdeni mmoja. Mambo mawili yalitokea wazi. La kwanza, muda kati ya badiliko moja na jingine ulikuwa ukipungua: kiungo cha nne hakikuishi hata nusu ya maisha ya kile cha kwanza. La pili, kiungo cha kushoto hakikuguswa hata mara moja.

Hili la pili ndilo lililotufumbua macho. Viungo hivi viwili hupita barabara moja, hula vumbi moja, huongozwa na dereva mmoja. Kama kosa lingekuwa la barabara au la dereva peke yake, vingekufa vyote. Kikifa kimoja tu, tena kwa mfululizo, hapana budi kuna kitu upande ule kinachokiua, na kukibadilisha bila kukiondoa kitu hicho ni kumpa mwuaji mtu mwingine wa kumwua.

Tulimwomba mzee mmoja, fundi mstaafu na mwanachama mwenzetu, aje kulitazama lori. Alipofika hakushika spana kwa muda wa nusu saa nzima, jambo lililowaudhi vijana waliokuja kujifunza. Aliagiza gurudumu la kulia linyanyuliwe kwa jeki, akaweka vigingi, akalishika tairi juu na chini akalitikisa. Lilicheza. Kisha akamwambia utingo apande akanyage breki kwa nguvu, naye akatikisa tena. Likacheza vile vile. Akatueleza: mchezo ukitoweka breki ikikanyagwa, ugonjwa uko katika beringi za gurudumu, ukibaki, ugonjwa uko katika kingpini na bushi zake. Bushi za kingpini ya kulia zilikuwa zimekwisha, na gurudumu zima lilikuwa likiyumba juu ya ekseli. Kila yumbo lilimalizikia katika ile boljointi, kwa maana ndiyo iliyobaki kulizuia.

Hesabu ya mapigo hayo yafaa kujulikana. Tairi la lori la namna hii lina kipenyo cha kama mita moja, na mzingo wa mita tatu na kidogo. Kwa hiyo kila kilomita huzunguka karibu mara 300, na katika safari ya kilomita 100 huzunguka karibu mara 30,000. Rimu ikipinda au tairi likikosa uwiano, kila mzunguko ni pigo moja. Kiungo kipya kilicho kizima katika gari zima hustahimili. Kikifungwa katika gari lililolegea, chapokea mapigo yasiyokuwa yake.

Hata hivyo, mzee hakuishia hapo. Kiungo kilipofunguliwa, alilisafisha tundu la mkono wa gurudumu kwa kitambaa na mafuta ya taa, akatuonyesha kwa tochi. Tundu lilikuwa limepanuka upande mmoja na ndani yake linang'aa sehemu sehemu. Shina la umbo la pia hushika kwa sababu linagusa tundu pande zote. Nati kazi yake ni kulivuta liingie likae. Likigusa upande mmoja tu, hata ukaze nati mpaka spana ilie, shina litacheza ndani, litalila tundu zaidi, na kiungo kipya kitaharibika kabla grisi yake haijachafuka. Dawa yake ni kubadili mkono. Hakuna bati la kusokomezwa wala kuchomelea kunakofaa mahali pa usukani, na fundi atakayependekeza hivyo aondolewe karibu na lori.

Tena mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika, nao ulikuwa mpya. Ilionekana wazi kwamba ulichanwa wakati wa kufunga. Iko kabari yenye meno mawili ambayo mafundi huipigilia kati ya kiungo na mkono ili kiachane upesi. Kwa kiungo kinachotupwa haina neno, lakini kwa kile kinachofunguliwa ili kirudishwe, yaupasua mpira. Mpira ukipasuka, mchanga wetu mwembamba huingia, maji ya Desemba hufuata, na grisi hugeuka kuwa dawa ya kusagia. Kifaa cha kusukuma kwa skrubu hufanya kazi ile ile bila madhara, na bei yake ni ndogo kuliko ya safari moja ya kwenda kulivuta lori.

Basi kingpini na bushi zake zilibadilishwa, mkono ukabadilishwa, na boljointi ya tano ikafungwa. Gharama ya siku ile ilikuwa kubwa kuliko ya boljointi moja, na baadhi ya Wajumbe walinung'unika, nao walikuwa na haki ya kuuliza. Tangu siku ile kiungo hicho kimemaliza msimu mzima na bado kipo.

Yafaa tuseme neno juu ya namna ya kufunga, maana hapa ndipo kazi njema huharibika. Nati ikikazwa kwa kipimo cha kiwanda, mara nyingine tundu la pini halielekeani na nafasi ya nati. Fundi mvivu huilegeza kidogo ili pini iingie. Haifai, yapasa ikazwe mbele mpaka nafasi inayofuata. Na kila mwisho wa tairodi ukibadilishwa, mwelekeo wa magurudumu ya mbele lazima upimwe upya, kwa maana mzunguko mmoja wa ziada wa nyuzi hubadili nafasi kati ya magurudumu. Tofauti ya milimita chache yatosha kulifanya tairi liparuzwe barabarani kila hatua. Ukipitisha kiganja juu ya tairi kwa kulikingamisha, na ukahisi kwamba ni laini ukienda upande mmoja na lina makali ukirudi, jua kwamba magurudumu hayaendi sawa, na kwamba viungo vinavutwa mchana kutwa.

Juu ya uzito twajua kwamba maneno yetu hayatapendwa. Gunia la korosho ni kilo 80. Magunia 125 ni tani 10 kamili. Siku za haraka huongezwa magunia 15, na msemo ni kwamba kumi na tano si kitu. Lakini hayo ni tani moja na kilo 200. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini Tanzania mwezi Machi 2019, hairuhusu ekseli ya usukani yenye matairi mawili kubeba zaidi ya tani 8. Malori mengine yametengenezwa kubeba mbele pungufu ya hapo, na kibao cha kiwanda ndicho kinachotawala hapo. Nao mzani wa barabarani hauoni kila kitu. Magunia yakirundikwa nyuma ya kichwa cha gari na nafasi ikaachwa nyuma, ekseli ya mbele hubeba sehemu isiyo yake, hata kama jumla ya mzigo ni halali. Makuli hupenda kuanzia mbele na kujaza mpaka juu, kwa kuwa ni rahisi. Karani wa ghala asimamie wapange tabaka kwa tabaka, sakafu nzima kwanza.

Dereva naye ana sehemu yake. Kuzungusha usukani huku lori lenye mzigo limesimama tuli ni kuvikamua viungo kwa nguvu yote ya pampu ya usukani. Aliache lisogee japo hatua moja ndipo azungushe. Na kupiga maji ya mashine yenye nguvu moja kwa moja kwenye mipira ile, ili gari ling'ae siku ya sherehe, ni kuyaingiza maji mahali tulipolipia yasiingie. (Malori yaliyopangwa hapo nje leo yameoshwa kwa ndoo.)

Kuhusu grisi, maneno ni machache. Vitazamwe kwanza viungo vyenyewe: viko vyenye kitundu cha kutilia grisi, na viko vilivyofungwa kiwandani visivyotiwa kitu. Hivi vya pili mpira ukichanika, dawa ni kubadili kiungo. Vile vya kwanza vitiwe grisi ya aina inayotajwa katika kitabu cha gari, aghalabu ya lithiamu namba 2. Kabla ya kuweka bomba, kitundu kifutwe. Asiyefuta hupiga sindano ya mchanga. Atie polepole mpaka ile nyeusi ya zamani itoke na mpya ionekane, kisha aache. Muda uliotajwa na kiwanda umekadiriwa kwa barabara njema. Barabara zetu ni mchanga kiangazi na tope masika, kwa hiyo sisi twafupisha muda huo, na siku ambayo lori limevuka maji yaliyofika kwenye ekseli, viungo vitiwe grisi jioni ile ile.

Kuvipima huchukua dakika tano na watu wawili. Lori lisimame juu ya ardhi ngumu, magurudumu yakitazama mbele, breki ya mkono imefungwa na vigingi vimewekwa, injini ikinguruma. Mmoja auchezeshe usukani kidogo kushoto na kulia, bila kulizungusha gurudumu. Mwingine, akiwa pembeni mahali salama, atazame kila kiungo. Fimbo na mkono visogee pamoja kama kitu kimoja. Kimoja kikitangulia na kingine kikachelewa, kiungo hicho kimelegea. Injini ikiisha kuzimwa, akishike kwa mikono yake akisukume juu na chini. Mikono, twasema, wala si nondo au bomba refu, maana kwa nguvu ya nondo hata kiungo kizima huonekana kibovu, na hivyo ndivyo vipuri vizima hutupwa.

Sasa twafika kwenye jambo gumu kuliko grisi. Madereva wetu hulipwa posho kwa safari. Dereva anayesema asubuhi kwamba usukani wake una mchezo hupoteza posho ya siku hiyo, na pengine ya wiki, wakati mwenzake aliyenyamaza amekwisha kwenda na kurudi. Tena hupigiwa kelele na wanachama ghalani, wakimwita mvivu mbele ya watoto wake. Twaulizana, ni mtu gani atakayesema kweli katika hali hiyo? Dereva mmoja wetu alisema kweli mwezi Novemba, na akanyamaza mpaka Januari kwa sababu ya aliyoyasikia. Hatumtaji, lakini yumo humu ukumbini, nasi twamshukuru.

Kwa hiyo ofisi ya Katibu imeomba, na Bodi imekubali kuleta mbele yenu katika kikao cha mchana, azimio lenye sehemu mbili. Moja ni kwamba kila lori litapewa nusu siku kwa wiki ya kupimwa na kutiwa grisi, hata katikati ya msimu. Nyingine ni kwamba dereva atakayelisimamisha lori kwa sababu ya usukani, na fundi akathibitisha, atalipwa posho ya safari ile kana kwamba amekwenda. Twajua litakalosemwa: kwamba nusu siku kwa wiki ni magunia mengi yasiyosafiri. Ni kweli. Kwa lori tulilolieleza, hesabu ya siku zilizolala imo katika daftari, na kila mjumbe atapewa nakala kabla ya kupiga kura, aziweke mwenyewe nusu siku upande mmoja na siku zile upande wa pili.

Pamoja na hayo, daftari jipya limefunguliwa kwa kila lori. Litaandikwa tarehe, kilomita, upande wa kulia au kushoto, jina la mtengenezaji wa kipuri, hali ya mpira, na sababu. Karakana isiyoandika sababu haitalipwa mpaka iandike. Na kipuri cha zamani kirudishwe ofisini pamoja na hati, kisiachwe kule.

Boljointi zile nne zimewekwa juu ya meza karibu na mlango wa kutokea, kila moja na kikaratasi chake, pamoja na mkono wa gurudumu wenye tundu lililopanuka. Mwenye kupenda azishike, azitikise, azilinganishe na mpya iliyo kando yake. Kitambaa kipo, maana grisi haitoki upesi katika kanzu.